Kinu cha Alasiri

Mama ameanza kuomba mchi.

Hapa kwangu Magomeni hatuna mchi wala kinu. Unga wa muhogo nanunua sokoni umeshasagwa, na sakafu ni ya vigae. Ukitwanga humu ndani majirani watakuja kuuliza kama tunabomoa nyumba. Lakini ikifika alasiri, adhana ikishakwisha, mama anaiacha chai yake ipoe, anapeleka mkono nyuma na kupapasa pindo la gauni lake. Anavuta. Anasubiri. Anavuta tena. Hageuki kutazama, anavuta tu, na macho yake yako mbele. Kisha ananiambia kwa sauti ileile aliyokuwa akinitumia nilipokuwa mtoto, "Nipe mchi, anaanza."

Daktari alitueleza vizuri. Alisema huu ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba fadhaa ya namna hii hupenda kuja jua linapoinama. Alisema tusibishane naye, tutazame kinachotangulia, kwa sababu fadhaa haianzi na kelele, huanza na vitu vidogo. Wanangu walimsikiliza kwa makini sana. Mimi niliitikia tu kwa kichwa. Somo hilo nililipata kijijini kwetu Mahurunga, meno ya utoto yakiwa bado hayajaisha kung'oka, na aliyenipa alikuwa bibi yangu, mama yake mama, ingawa mwenyewe hakujua kwamba ananifundisha.

Nyumba yetu ilikuwa pembeni ya njia inayoshuka mtoni. Mto hukuuona ukiwa uani, ila ulijua upo. Asubuhi ulituletea harufu ya tope, na msimu wa korosho harufu hiyo ilichanganyika na ya mabibo yaliyoachwa chini ya mikorosho hadi yakachacha. Mpaka leo nikipita mahali mabibo yamechacha, jambo la kwanza linalonijia ni kuziba masikio. Watu wengine huziba pua.

Bibi alikuwa kungwi. Wasichana wa vijiji vyote vya jirani walipita mikononi mwake unyagoni, wakatoka wakijua la kusema na la kunyamazia. Wanawake wazima, wenye wajukuu, walikuwa wakikutana naye njiani wanapiga goti. Nyumbani hakuwa na makuu. Aliniita mke mwenzangu, akanituhumu kwamba nampikia marehemu babu vizuri kuliko yeye, na ming'oko, vile viazi vya porini, ikiiva alinichagulia ile minono akisema ni rushwa ili nimwachie mume wake. Nilimpenda kwa namna ambayo sijampenda mtu mwingine tangu hapo, na nasema hivyo nikiwa na mume na watoto.

Ya unyagoni hayasemwi mbele ya wanaume, wala mbele ya mtoto ambaye siku yake haijafika. Mama aliniambia mapema: ukisikia kabla ya siku yako, masikio yataoza. Niliamini kwa moyo wote, tena nilikuwa na ushahidi. Mtoto mmoja wa jirani alikuwa akitoka usaha sikioni, na mimi nilijua kabisa kwamba amesikia kitu.

Bibi alianza kwa kusahau vitu vidogo. Akatia chumvi mara mbili. Akawaita mbuzi kwa majina ya shangazi zake waliokufa zamani. Tulicheka, naye akacheka nasi. Kisha alasiri moja baba alikuwa na wageni barazani, wazee wa msikitini, Bibi akatoka chumbani, akasimama katikati ya uwanja, akaanza kuimba wimbo wa unyago. Mimi sikujua kuwa ni wa unyago. Nilijua kwa kuwatazama wanaume, maana wote waliinamisha vichwa kwa pamoja, na mmoja akaanza kutafuta viatu vyake ilhali vilikuwa miguuni. Mama alitoka jikoni mbio, akamshika Bibi mkono, akamwingiza chumbani na kufunga komeo kwa nje. Halafu akachukua mchi akaanza kutwanga makopa ya muhogo kwa nguvu zake zote, ili sauti ya kinu iimeze sauti ya mle ndani. Akanipigia kelele, "Ziba masikio."

Nikaziba. Na tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Bibi akianza, komeo, kinu, masikio.

Mtu akiziba masikio, macho hufanya kazi ya ziada. Alasiri baada ya alasiri nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni na vidole vyangu masikioni, nikimtazama Bibi, na kidogo kidogo nikaanza kumsoma. Vidole vyake ndivyo vilivyotangulia. Vilitafuta pindo la khanga na kulifuata polepole, kipande kwa kipande, mpaka mwisho, kisha vikarudi. Watu wazima walisema anatafuta fundo la ugoro wake. Mama alimfungulia kopo la ugoro akampa, naye akaliweka chini bila kulitazama. Baada ya vidole ikaja zamu ya miguu, vidole vya miguu vikikwaruza udongo kabla mwili wenyewe haujajua kwamba unataka kuondoka. Ukimpa maji hapo, anakataa. Midomo ilikauka. Macho yakaenda kwenye mstari wa jua uliokuwa ukipanda ukutani, yakakaa hapo, kisha yakaanza kutupitia sisi tuliokuwa uani, mmoja mmoja, taratibu, mpaka kwa wa mwisho. Yakimfikia wa mwisho yanatulia, kama yanayongoja mwingine. Halafu yanaanza upya.

Hiyo ndiyo iliyokuwa inaniogopesha kuliko yote. Nilidhani anachagua. Nilidhani siri zile zilikuwa hai tumboni mwake, zimechoka kukaa kwenye mwili uliozeeka, na kila alasiri Bibi anatafuta mmoja wetu wa kumwekea. Ndiyo maana nikihisi macho yake yananijia, najificha nyuma ya mtungi.

Akishafungiwa ndipo mambo yalipoharibika. Sikusikia kitu, lakini niliona mlango unavyoruka na vumbi likidondoka juu ya kizingiti. Siku moja mama alipomfungulia mapema, Bibi alimng'ata mkono, akamwachia alama ya meno ambayo mama anayo hadi leo. Na kadiri kinu kilivyovuma ndivyo mlango ulivyozidi kuruka. Niliona hilo waziwazi, kwa kuwa niliyaona yote mawili kwa wakati mmoja, mchi na mlango, lakini nani angemuuliza mtoto? Jirani walisema ni mashetani ya mto. Baba akamleta mwalimu wa madrasa, akaandika kombe, Bibi akanywa na kusema asante, na alasiri ilipofika mlango ukaruka vilevile.

Kisha ikaja siku ya mtoni.

Korosho zilikuwa zinaanguka kwa wingi na mawingu yalishaanza kukusanyika, kwa hiyo nyumba nzima ilikwenda shamba la mbali kuokota. Mimi nilikuwa na homa. Mama aliniacha na Bibi, akaniambia, "Tutarudi kabla ya alasiri. Akianza, mfungie, ukimbilie kwa jirani." Hakukumbuka kwamba komeo lilikuwa juu, sikulifikia hata nikisimama juu ya kigoda.

Hawakurudi kabla ya alasiri. Nilimwona Bibi mkekani, vidole vikaanza safari yao kwenye pindo. Nikaziba masikio. Miguu ikakwaruza. Nilimsogezea kata ya maji kwa mguu wangu, maana mikono ilikuwa na kazi, akaisukuma ikamwagika. Macho yakaja kwangu. Siku hiyo nilikuwa wa kwanza na wa mwisho, na yaliponiacha yalitazama njia. Akainuka na kuondoka.

Nilimfuata. Nilitembea nyuma yake na vidole masikioni, nikisikia damu yangu tu ikivuma kichwani, na dunia yote ilikuwa kimya. Matete yaliyumba bila sauti. Bibi alikuwa akitembea upesi kuliko nilivyomwona akitembea mwaka mzima. Tulipofika karibu na mto hakwenda pale wanawake wanapochota maji, pale palipozungushiwa uzio wa miti kuzuia mamba. Alikata upande wa pili, kwenye kijia kilichofunikwa na majani, akashuka mahali ambapo sikuwahi kuona mtu akishuka. Mama tulipopita hapo alikuwa akiharakisha na kugeuza uso. Nilifikiri pananuka.

Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yametulia. Ng'ambo, kwenye ukingo wa mchanga, kulikuwa na gogo. Bibi aliingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akasimama, akatazama kushoto na kulia, akifungua na kufumba mdomo. Nilipotazama tena ng'ambo, gogo halikuwepo.

Nilikuwa na mikono miwili tu, na yote ilikuwa masikioni. Nikiitoa, naoza. Nisipoitoa, Bibi anakwenda. Najua mtu mzima atatabasamu akisoma hapa, lakini mimi sikuwa nikicheza. Niliiaga kila sauti niliyoipenda, nikaitoa mikono, nikarukia majini na kulikamata pindo la khanga yake kwa nguvu.

Sauti zote zikanijia kwa mpigo, maji, ndege, na Bibi. Hakuwa anaimba.

"Mmoja hayupo," alikuwa akisema. "Nimekuja nao wote, nimerudi nao, mmoja hayupo. Zuhura. Shika pindo, mwanangu. Zuhura, shika pindo."

Akahisi ninavyovuta, akasimama. Hakugeuka. Akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Nani huyo nyuma?"

Sikumjua Zuhura. Katika ukoo wetu sikuwahi kusikia habari za Zuhura. Lakini mtoto mwenye hofu husema lile analotakiwa kusema. "Ni mimi, Bibi. Nimeshika."

"Usiachie."

"Siachii."

Basi akatoka majini mwenyewe, akashika njia ya nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma nikiwa nimeng'ang'ania pindo, na njia nzima aliimba ule wimbo wake kwa sauti ya chini, nikausikia wote mwanzo hadi mwisho. Alipofika alikunywa maji kata mbili na kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Nilikaa kando yake nikijipapasa masikio.

Mama aliporudi na kikapu cha korosho kichwani nilimkimbilia kabla hajakitua. Nilikuwa na habari njema, niliona hivyo. "Mama, Bibi hasemi siri. Anamtafuta Zuhura."

Alikitua kikapu polepole mno. "Nani kakutajia jina hilo?"

"Bibi. Mtoni."

"Hujasikia kitu."

"Nimesikia, mama, alikuwa anasema..."

"Hujasikia kitu, mwanangu." Alisema kwa upole, akanipangusa matope shavuni, na upole ule ulinitisha kuliko kofi. Nilizoea kofi.

Kuanzia hapo nilijua la kufanya, na nililifanya bila kumwambia mtu. Vidole vya Bibi vikianza tu safari yao, kabla miguu haijaamka, nilikwenda kukaa nyuma yake na kushika pindo. "Nipo, Bibi." Nikazima na redio. Nikampa ming'oko amenye. Nikichelewa mpaka macho yakaanza kuhesabu, kazi ilikuwa ngumu, lakini nikiwahi, mabega yalishuka yenyewe. Komeo likaanza kupata kutu. Baba alimpelekea mwalimu jogoo wa shukrani kwa lile kombe, na mimi nikanyamaza, maana jogoo alishaondoka.

Lakini mama hakuacha kutwanga. Kila alasiri, Bibi akiwa ametulia na mimi nyuma yake, kinu kilivuma uani kama zamani. Siku moja Bibi alikuwa amelala, mdomo wazi, hana habari na dunia. Nikatoka kwenda kumwambia mama apumzike. Alikuwa amenipa mgongo. Mchi ulipanda na kushuka, jasho likimchuruzika, na aliangalia mbele tu, kwenye ukuta. Nikachungulia kinu. Hakikuwa na kitu. Ulikuwa mti ukipiga mti.

Mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba kutwanga kinu kitupu ni kuita njaa. Nikamuuliza, "Mama, unatwanga nini?"

"Makopa," akajibu, na hakusimamisha mchi.

Nilirudi ndani nikakaa nyuma ya Bibi na kulishika pindo lake ingawa alikuwa usingizini. Sikuwa namshikia yeye tena.

Bibi alifariki masika yaliyofuata, asubuhi, uji ukiwa nusu kikombe. Siku yangu ilipofika nami nikaingia unyagoni. Ya huko siyasemi, nimelelewa. Lakini moja si siri, kwa kuwa kila mpita njia huliona: wanawali wakitoka kuoga mtoni hutembea mstari mmoja, wamefunikwa khanga gubigubi, kila mmoja ameshika pindo la aliye mbele yake. Hakuna kusema. Hakuna kugeuka mpaka nyumbani. Na nyuma kabisa, baada ya mwanamwali wa mwisho, anatembea mwanamke mtu mzima. Nilimuuliza somo wangu, mwanamke aliyenifunda, kwa nini. Akanijibu kwamba zamani mtu huyo hakuwepo, kungwi alitangulia mbele peke yake. Huyo wa nyuma aliwekwa baada ya mtoto mmoja kubaki mtoni, mtoto wa dada yake Bibi, wakati Bibi ndiye kungwi. Khanga yake ilikutwa kwenye matete.

Nikaelewa habari ya Bibi, nikalia mbele ya wenzangu, wakadhani naogopa. Habari ya mama sikuielewa. Nilidhani alikuwa akimfichia mama yake aibu. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama yangu alionekana kuwa na nguvu za kukificha hata hicho kifo. Hakulitaja jina la Zuhura, wala mimi sikuthubutu kulitaja mbele yake, na miaka ikaenda.

Jana alasiri chai ilipoa tena. Mkono ukaenda nyuma. Kwa kawaida namwashia televisheni, au namwita mjukuu aje amchekeshe, na siku nyingine inasaidia. Jana hapakuwa na mtu nyumbani ila sisi wawili. Nikaona nifanye ninalolijua. Nilikwenda kukaa chini nyuma ya kiti chake, nikashika pindo la gauni palepale anapopapasa. "Nipo, mama. Nimeshika."

Bibi angeshusha mabega. Mama alikakamaa. Nilihisi mtetemo ukipita kwenye kitambaa mpaka kwenye vidole vyangu.

"Uongo," akasema. "Uliachia. Nilihisi pindo limekuwa jepesi." Alikuwa akizungumza na ukuta. "Lilikuwa zito, limelowa, unalivuta, halafu likawa jepesi. Tuliambiwa tusigeuke. Sikugeuka. Nikaenda nalo hivyohivyo mpaka nyumbani."

Kisha ikaanza ile mikono, ikipanda na kushuka hewani, ngumi mbili zikiushika mti ambao haupo. "Nipe mchi," akasema, "anaita, nipe mchi," na sasa alikuwa analia, mwanamke ambaye sikumwona akilia hata siku ya maziko ya mama yake.

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Kinu hakikuwa cha kuwafichia wanaume nyimbo. Hakikuwa hata cha Bibi. Mama ndiye aliyekuwa mbele ya Zuhura kwenye mstari, mtoto mtiifu, aliambiwa asigeuke, akatii, na maisha yake yote amekuwa akitwanga ili asisikie anavyoitwa nyuma. Nilimwonea huruma. Nilimkasirikia pia, kwa ajili ya Bibi na ule mlango, na sioni sababu ya kuficha.

"Geuka, mama," nikamwambia.

"Tumekatazwa."

"Aliyekataza ameshakufa. Hata yeye, mwishoni, alikuwa anataka ugeuke. Geuka tu."

Mikono ikasimama. Nilisikia anavyopumua, na friji ikivuma jikoni, na watoto wa jirani wakigombana nje. Akashika ukingo wa kiti, na polepole, kwa shida ya mtu ambaye shingo yake haijawahi kufanya kazi hiyo, akageuka.

Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya kichwa changu, mlangoni, akatazama kwa muda, na uso wake ukalegea.

"Mwambie aingie," akasema. "Amelowa."

Nikainuka, nikaenda kufungua mlango.